Nyali ni nyingi: ukihamia, uhamie ipi?

Tangazo lilisema hivi: "Nyali, vyumba viwili vya kulala, dakika tano kutoka baharini." Dalali akatupokea Kengeleni, akatupakia kwenye tuktuk, tukapita Bombolulu, tukakata kushoto, tukaingia vichochoro vya mchanga mpaka tuktuk ikaanza kuguna. Bahari tulikuwa tumeipa mgongo kitambo. Nikamwuliza, "Kaka, hapa bado ni Nyali?"

"Ni Nyali, dada. Kwani watu wa huku humpigia kura mbunge wa wapi?"

Hakudanganya, na hapo ndipo penye tabu. Eneo bunge la Nyali, hapa Mombasa, lililomegwa kutoka Kisauni na kupiga kura yake ya kwanza mwaka 2013, lina wadi tano: Mkomani, Kongowea, Frere Town, Ziwa la Ng'ombe na Kadzandani. Ndani ya wadi hizo mna jumba lenye bwawa la kuogelea na boti imeegeshwa uani, na mna chumba kimoja cha bati ambacho choo chake ni cha nyumba sita. Vyote viwili vikitangazwa huandikwa "Nyali". Jina lina bei, na anayelitumia anajua.

Siku ile nilikuwa na mdogo wangu na mumewe. Walikuwa wanahama kutoka Voi na watoto wawili. Mdogo wangu amepata kazi benki, kwenye kisiwa cha Mombasa, ng'ambo ya daraja. Shemeji ni mpishi katika hoteli moja ya Shanzu. Gari hawana. Mimi nimeishi upande huu wa daraja miaka kumi na mmoja, nimepanga mitaa mitatu tofauti, kwa hiyo nikapewa kazi ya kuwazungusha. Ninayoandika hapa ndiyo niliyowaambia njiani, pamoja na machache niliyoyajua baada ya kuyaona kwa macho yao.

Daraja kwanza, nyumba baadaye

Kabla hujauliza nyumba ina vyumba vingapi, jiulize utavuka daraja mara ngapi kwa wiki. Kutoka bara hii ya kaskazini kwenda kisiwani njia ni moja, Daraja la Nyali. Hili la sasa lilifunguliwa mwaka 1980. Kabla yake palikuwa na daraja la kuelea, la mwaka 1931, lililojengwa na kampuni iliyokuwa ikimiliki ardhi ya Nyali, na ukivuka ulilipa ushuru. Kampuni hiyo na serikali walishtakiana kuhusu magari ya jeshi, kama yalipe au yapite bure, kesi ikaenda mpaka Mahakama ya Rufaa ya Uingereza. Mwaka 1955 Jaji Denning akasema maneno ambayo wanasheria wanayakariri hadi leo, kwamba sheria ya Kiingereza ni kama mti wa mwaloni, huwezi kuuhamishia Afrika ukatarajia ubaki vile vile ulivyokuwa kwao. Kwa hiyo kunung'unikia gharama ya kuvuka kwenda Nyali hakukuanza na makanga anayepandisha nauli mvua ikidondoka.

Siku hizi ushuru hakuna, unalipa kwa muda. Asubuhi magari ya barabara ya Malindi, ya Kisauni na ya Links Road yote yanaminyana kuelekea kisiwani. Jioni yanarudi vile vile. Daraja lenyewe ni pana, lakini upana wa daraja haukusaidii kitu kama umekwama kabla hujalifikia. Mtu anayefanya kazi Bamburi, Shanzu au Mtwapa yeye huenda kinyume na wenzake: asubuhi anawaona wa upande wa pili wamesimama, yeye anapita. Shemeji akafurahi kusikia hivyo. Mdogo wangu akanyamaza.

Jumatatu nikawapeleka Kengeleni saa moja kasorobo asubuhi, wajionee. Makanga anapiga ubavu wa matatu kwa kiganja, "Posta! Posta! Gari tupu!" na gari halina hata pa kuweka mguu. Tulisimama dakika ishirini. Wapo walioshuka mbele kidogo wakaamua kutembea kwa miguu, mkoba kichwani kwa ajili ya jua, wakawapita waliobaki ndani. Ukiona hivyo mara moja, umbali wa nyumba kutoka darajani unaupa maana nyingine. Kilomita mbili za Kengeleni na kilomita sita za mbele ya Bombolulu kwenye ramani ni tofauti ndogo. Saa moja na robo asubuhi ni tofauti ya kufika kazini na kuandika barua ya kujieleza.

Na kama kazi yako ni bandarini Kilindini, au ni mtu wa ndege na treni kila wiki, fikiri mara mbili. Uwanja wa ndege na stesheni ya Miritini viko bara ya magharibi. Utavuka Nyali, ukate kisiwa chote, upite Makupa, ambako tangu 2022 kuna daraja badala ya ile njia ya kale ya udongo, halafu Changamwe. Huwa nawauliza watu wa aina hiyo wamegombana na nani Changamwe hadi wakaikimbia hivyo.

Links Road na barabara za ufuoni

Hii ndiyo Nyali ambayo mtu wa Nairobi anaifikiria akisikia jina. Ardhi yake ilikuwa shamba la mkonge, ikaja ikakatwa viwanja vikubwa, na ukubwa ule wa viwanja ndio unaoufanya mtaa uonekane ulivyo: ua wa mabogavilia, mwarobaini mkubwa, nyumba imejificha kule ndani. Kisha kuna uwanja wa gofu, ambao ndio uliozaa jina la Links Road. Kipande cha barabara siku hizi kina jina la Fidel Odinga, lakini mwambie dereva wa tuktuk "Links" na hatakuuliza mara ya pili. Nyumba za zamani zinabomolewa moja moja, zinapanda fleti za ghorofa kumi na zaidi.

Uzuri wake ni wa kweli. Lifti, jenereta, askari getini usiku na mchana, maduka makubwa ya City Mall na Nyali Centre karibu, mikahawa, shule za kulipia, upepo. Mtu mwenye gari na mshahara wa kutosha, anayetaka kufunga mlango asisikie jirani, hana haja ya kuendelea kusoma.

Ila kuna mambo matatu dalali hakuambii mpaka umetoa dipoziti. La kwanza ni ada ya huduma, ambayo mara nyingi iko nje ya kodi. Uliza inalipia nini hasa: dizeli ya jenereta imo? maji yamo? Nimepata kumuona mtu amepanga fleti yenye bwawa, na bwawa limekauka tangu jengo libadilishe wasimamizi, na ada analipa. La pili ni chumvi ya hewani. Upepo wa bahari unakula chuma polepole kama mchwa: grili za madirisha, mgongo wa friji, kiyoyozi, bawaba za milango. Fleti ya miaka mitano iliyoelekea baharini inaweza kuonekana mzee kuliko ya miaka kumi na mitano ya Frere Town. Shika bomba la balkoni kwa mkono uone kama rangi inabaki kiganjani. La tatu, majengo mengi ya huku yana fleti za kukodishwa kwa siku. Jirani yako wa Ijumaa si wa Jumapili, na kila mmoja amekuja kustarehe.

Halafu kuna suala la miguu. Sisi tulitembea kutoka barabara kuu hadi kwenye jengo tulilotaka kuona, saa sita mchana, na katika mwendo wote ule hatukuona kibanda hata kimoja. Ukuta, geti, mbwa, ukuta. Mtoto akataka maji ya kunywa, hapana pa kununua. Kitunguu kikikuishia hapa jioni, ni tuktuk kwenda na kurudi, na kitunguu chenyewe kimefungwa kwenye plastiki dukani. Mdogo wangu akasema, "Dada, hapa nitakuwa nalipa nauli ya kitunguu." Na bahari pia si ya kila mtu kama unavyodhani. Ufuo ni wa umma, lakini mbele yake wamejipanga hoteli na majumba, nawe unautafuta kupitia vijia vyembamba kati ya kuta. Anayekwambia dakika tano anapima kwa ndege wa angani.

Mkomani, jirani yake asiyefanana naye

Ukishuka kuelekea ile ncha inayotazamana na Mji wa Kale, mtaa unabadilika bila kukuaga. Hapa upande mmoja kuna majengo ya kifahari na boti zilizofungwa majini, na upande wa pili nyumba za Kiswahili za paa la bati, baraza mbele, bibi ameketi anachambua mbaazi. Mkomani, mahali pa mikoma, ni pakongwe. Huku ndiko Johann Ludwig Krapf, mmisionari wa Kijerumani, alikomzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga mwaka 1844, miezi michache tu baada ya kufika Mombasa, na mnara wa ukumbusho upo. Wengi wanaokaa karibu hawajui ni wa nani. Mimi mwenyewe nilipita hapo miaka miwili nikidhani ni kisima cha zamani.

Kama ningeambiwa nichague kwa moyo peke yake, ningechagua hapa. Wakati wa magharibi adhana za Mji wa Kale zinavuka maji zikakufikia moja baada ya nyingine, kila muadhini na mwendo wake. Asubuhi mahamri yanapatikana hatua hamsini kutoka mlangoni, ya moto, yamefungwa gazetini. Majirani wanajua mtoto wako anaitwa nani. Links Road haina kitu hicho na haiwezi kukinunua.

Lakini nyumba za kupanga ni chache, na zile nzuri hazifiki kwenye matangazo, zinapita mdomoni. Fleti mpya zinazojengwa hapa zina bei ya bahari. Vyumba vya ndani ya nyumba za zamani ni nafuu, ila utashirikiana uwanja, mfereji na pengine mita ya umeme na wenyeji, na mwenye nyumba ana haki ya kukuuliza mgeni wako wa jana alikuwa nani. Kuna watu hilo linawaua. Mama yangu angelilipia.

Kongowea

Kongowea ni soko, na mengine yote yanatokana na soko. Jina ni la zamani sana, washairi wa kale walilitumia kuutaja mji wenyewe wa Mombasa, lakini ukilitamka leo kila mtu anafikiria magunia ya viazi na milima ya mitumba. Malori ya vitunguu, kabichi na ndizi kutoka bara yanashusha usiku. Wachuuzi wa mtaa wote wa kaskazini, na wa kisiwani pia, wanafika alfajiri kununua kwa jumla.

Tukamkuta mama mmoja mwenye meza ya nyanya, mtu mzima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Nyanya za leo hizo."

Nikachukua mafungu mawili, nikamwuliza kama usiku hapa kunalalika. Akanitazama kama niliyemuuliza kama samaki huoga.

"Usiku wa hapa ni mchana, mwanangu. Ukizaliwa hapa unalala. Ukija mkubwa, unajifunza."

Hayo ndiyo yote ya Kongowea. Ukila mboga, matunda na nafaka kila siku kwa familia ya watu watano, hakuna mtaa katika eneo hili utakaokuachia pesa nyingi mfukoni kama huu. Daraja liko karibu kuliko mitaa yote, mtu mwenye miguu anavuka bila kupanda kitu. Kodi iko chini. Unalipia kwa kelele, kwa matope ya masika yaliyochanganyika na majani ya kabichi, na kwa harufu ya siku taka zikichelewa kubebwa. Mtu mwenye pumu au mtoto mchanga asije kuishi sehemu zinazopakana na soko lenyewe. Zipo sehemu za ndani, mbali na soko, ambazo ni tulivu kuliko unavyotarajia.

Kwa anayetaka kununua badala ya kupanga nina neno moja hapa, na linahusu vitongoji vyote vikongwe vya Mombasa. Kuna kitu sisi watu wa pwani tunakiita nyumba bila ardhi. Mtu anamiliki kuta, paa na milango, lakini udongo ulio chini yake ni wa mwingine, ambaye hulipwa kodi ya ardhi. Nyumba huuzwa, hurithiwa, huongezwa vyumba, na ardhi inabaki pale pale kwa mwenyewe. Mnunuzi kutoka nje huonyeshwa karatasi ya mauziano yenye muhuri wa chifu na sahihi za mashahidi, anadhani amenunua vyote viwili. Nenda ofisi ya ardhi ukapekue hati kabla hujatoa hata shilingi ya kishika uchumba, na usiende na wakili uliyeletewa na muuzaji.

Frere Town na Kengeleni

Kengele yenyewe bado ipo kando ya barabara, na ndiyo iliyoupa mtaa jina. Kijiji cha Frere Town kilianzishwa na wamisionari wa Kianglikana katika miaka ya 1870, wakawaweka hapo watu waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa, na jina wakalitoa kwa Bartle Frere, Mwingereza aliyetumwa Zanzibar kushinikiza biashara ile ikomeshwe. Kengele ilipigwa kuwaonya watu maadui wakionekana. Kanisa la Emmanuel ni la enzi hizo. Zipo familia hapa zinazojua kwamba babu wa babu yao alishushwa kutoka jahazini hapa hapa, na bado wako.

Kwa mpangaji, thamani ya mahali hapa ni njia panda. Unapata matatu za kwenda mjini, za Bamburi na Mtwapa, za Kisauni ndani, na tuktuk za Links Road, bila kubadilisha kituo. Hilo Links Road yenyewe haiwezi kukupa, Bombolulu inakupa nusu. Nyumba ni mchanganyiko: fleti za ghorofa tatu nne zisizo na lifti, nyumba za zamani za familia zilizogawanywa, vyumba vya mstari mmoja. Maduka ya dawa, mafundi simu, viazi vya karai, muhogo na achari jioni, vyote vipo.

Vumbi lipo. Mlio wa honi upo. Na simu yako jioni kituoni iache mfukoni, usisimame ukiiangalia kama anayesubiri mchumba. Habari za vijana wenye mapanga upande wa Kisauni zimeandikwa sana, na hazikuzuliwa, ingawa mtu wa mbali anazisoma kana kwamba zinatokea kila kichochoro kila usiku. Ninachofanya mimi ni rahisi: naenda kuiona nyumba mara ya pili saa mbili usiku, bila dalali, natembea kutoka kituoni hadi mlangoni. Maduka yakiwa wazi njia nzima na akina mama wanauza chapati, sawa. Ikiwa nusu ya njia ni giza na kila mtu anatembea haraka, nimepata jibu langu.

Bombolulu, Ziwa la Ng'ombe, na kule Kadzandani

Bombolulu inajulikana kwa kile kituo cha mafundi wenye ulemavu kilichoanza mwaka 1969, wanaotengeneza mapambo na vitu vya ngozi. Ukiendelea mbele kidogo unafika Haller Park, lile shimo la mawe ya simiti lililogeuzwa msitu, ambako kiboko yatima Owen alifanya urafiki na kobe mzee. Watoto wa mdogo wangu walitaka nyumba karibu na kobe, na hiyo ndiyo sababu pekee iliyotolewa siku nzima bila hesabu ya pesa.

Hapa unapata fleti mpya mpya kwa kodi ambayo Links Road ingekupa bedsita. Mtu anayefanya kazi Bamburi au Shanzu hana sababu ya kukaa kwingine. Wanaovuka daraja ndio wanaoumia, na siku ya ujenzi kwenye barabara ya kuelekea Mtwapa, vumbi na michepuko vinaongeza adhabu. Majengo yamebanana sana. Tuliingia fleti moja nzuri, vigae vinang'aa, nikafungua dirisha la chumba cha kulala nikakuta ukuta wa jirani, ningeweza kuugusa. Wakati wa kaskazi, Januari na Februari, chumba kama kile ni tanuri. Kusi likivuma utakisifu. Kwa hiyo usiikague nyumba ya Mombasa mwezi wa Julai ukadhani umeijua.

Jina la Ziwa la Ng'ombe nalo lisikupite hivi hivi. Mahali palipoitwa ziwa na wenyeji waliokutangulia, uliza maji ya mvua hukaa wapi mwezi wa Mei. Angalia kuta za nje karibu na ardhi: alama ya maji ikipita kifundo cha mguu, shukuru na uondoke.

Kadzandani sina mengi. Ni ya mwenye subira anayetaka kiwanja na kujenga polepole, barabara za murami, bodaboda hadi mlangoni. Yaliyosemwa kuhusu hati yanahusu hapa mara mbili.

Maji

Hapa ndipo mitaa yote, ya tajiri na ya maskini, inapokutana. Mombasa haina mto wake wa maji baridi. Maji ya mfereji yanatoka mbali: chemchemi za Mzima kule Tsavo, kwa bomba lililokamilika mwaka 1957, visima vya Baricho kando ya Mto Sabaki, Marere na Tiwi upande wa Kwale. Yakitugawanyikia hayatoshi, kwa hiyo ni mgao. Kila mwenye uwezo amechimba kisima, na chini yetu ni jiwe la matumbawe, bahari iko karibu, maji yanatoka yana chumvi.

Matokeo yake ni kwamba nyumba ya Nyali huwa na maji ya aina tatu. Ya kisima, ya kuogea na kufulia, yasiyotoa povu na yanayoacha ukoko mweupe kwenye birika na kula koki. Ya mfereji, yanapokuja. Na ya boza au mtungi wa mkokoteni, ya kupikia na kunywa. Jumba la Links Road linanunua boza zima. Mpangaji wa Kongowea ananunua mtungi mmoja mmoja wa lita ishirini, na ukipiga hesabu ya lita kwa lita yeye ndiye anayelipa ghali zaidi. Hilo hunikera kila nikilifikiria.

Mdogo wangu sasa ana tabia niliyomfundisha: anatembea na kipande cha sabuni ya mche kwenye mkoba. Akifika anafungua koki ya jikoni, ananawa. Povu likikataa, ni kisima. Halafu anamfuata mlinzi, si mwenye nyumba.

"Ami, maji ya mfereji hutoka?"

"Hutoka."

"Siku ngapi kwa wiki?"

Hapo mzee wa watu hutazama tangi juu ya paa, hutazama viatu vyake. "Yakija, yanakuja." Katika nyumba tano tulizoziona, mmoja tu alijibu kwa siku, akataja Jumanne na Ijumaa usiku, na tukampa nyumba yake alama nyingi kwa jibu hilo peke yake. Ukiwa hapo, uliza pia kama mita ya umeme ni yako peke yako. Tokeni za watu wawili kwenye mita moja zimevunja ujirani mwingi kuliko mapenzi.

Vipi Kizingo?

Nimeulizwa hivi na zaidi ya mmoja. Kama kazi yako na shule ya watoto viko kisiwani, na fedha zipo za Links Road, basi ndiyo, Kizingo, mtaa wa kisiwani, inaishinda. Hakuna daraja, miti ni mikubwa, bustani ya Mama Ngina ya kando ya bahari iko hapo kwa matembezi ya jioni na madafu. Tabu ni kwamba nyumba ni chache na wenyewe hawahami. Shemeji wa Shanzu angekuwa anavuka daraja kila siku, ingawa kinyume na msongamano. Tuliijadili dakika tatu ndani ya matatu, tukaiacha.

Walichochagua

Walichukua fleti ya yule mlinzi wa Jumanne na Ijumaa. Frere Town, upande wa Kengeleni, ghorofa ya pili, haina lifti, haina jenereta, sebule inatazama barabara. Mdogo wangu anatoka saa kumi na mbili kamili kuliwahi daraja, anafika mapema, anakunywa chai yake kisiwani kwa utulivu. Shemeji anaondoka baadaye, kwenye matatu ya Mtwapa yenye viti vitupu. Jumamosi wanakwenda Kongowea na kikapu. Bahari wanaiona wakipanda juu ya paa kuangalia tangi, ukanda mwembamba wa buluu kati ya majengo mawili ya Links Road. Jumanne usiku kuna mtu lazima akeshe hadi mfereji uanze kukohoa, ajaze mitungi, na zamu hiyo wameigombania tayari mara mbili.

Ile nyumba ya mchangani bado inatangazwa. Niliiona tena juzi, picha zile zile. Siku hizi ni dakika tatu kutoka baharini.